Kijito Tulichokiita Kule

Kwa miaka kumi na mmoja shangazi yangu Uding hakumtaja mumewe. Kwetu sisi Wapenan, watu wa msituni, mtu akifa jina lake linalazwa naye, ukilitamka, umemwita. Na kijito cha juu kilikuwa na jina la marehemu, kwa kuwa ndiye aliyeitia misago ya huko, ile mitende inayotupa unga, alama ya panga, kwamba ina mwenyewe. Basi tukawa tunakiita "kule" tu.

Ikaja kampuni ya mbao. Kwenye ramani yao bonde lile lilikuwa jeupe, halina mtu. Wakili wetu akatuambia tuchore yetu, kila kijito na jina lake, maana kisicho na jina mahakama itasema hakina mwenyewe, kitakatwa miti. Binamu yangu Jengan akaandika vijito vyote, kikabaki kimoja. Jina tulilijua sote, ila ni mjane peke yake mwenye ruhusa ya kulifungua. Nilimkasirikia shangazi, nakiri.

"Shangazi, tukipe jina jingine basi," Jengan alimbembeleza.

"Kipe la mama yako, tuone kama maji yataitika."

"Wenye misumeno wako nyuma ya kilima."

"Nawasikia. Mimi mzee, si kiziwi."

Asubuhi moja alikunywa uji wake wa sago, akatangulia njiani bila kuaga. Mimi na Jengan tukamfuata. Ukungu ulikuwa umeshuka hata miti ikawa haina miguu, na mimi nilitembea nikijihisi bado nimelala. Kwenye misago alama za panga zilikuwa zimepona na kuvimba. Shangazi aliipapasa mmoja mmoja, hana haraka.

Akaingia majini hadi magotini. Kisha akalitaja, taratibu, kama unavyomwita mtu chakula kikiwa tayari. Mimi silitaji hapa; limo kwenye ramani, kasomeni.

Jengan akakunjua ramani, akatoa kalamu.

"Andika upesi," shangazi akasema, "kabla hajadhani namwita."

Akaandika. Tukaondoka mbio bila kugeuka nyuma, kama ipasavyo baada ya jambo la namna ile. Tulipofika kilimani nikaona tuko wawili tu. Hapo niligeuka, mwiko au si mwiko. Uding alikuwa bado kasimama majini, ametega sikio.