Ndoyi Chini ya Kioo

Habari ya kifo chake ilinifikia mtaani Mangobo, nikiwa nanunua makaa, na niwaambie ukweli ninyi mnaonisoma kila wiki: kabla ya huzuni nilishikwa na woga. Marehemu alikuwa mtafiti wa samaki hapa Kisangani, jirani wa kusalimiana na kulalamika naye umeme unapokatika. Homa kali ilimchukua ghafla. Lakini swali la kwanza kunijia halikuwa la mjane wala watoto. Nilijiuliza kama aliwahi kuliondoa lile jina.

Kazi yake ilikuwa kupasua matamvua ya samaki na kutafuta minyoo bapa, wadogo hata jicho haliwaoni, wanaojishikiza humo kwa kulabu zao na kumnyonya samaki taratibu. Mwaka jana, katika ngolo, yaani kambare, waliotoka maporomokoni, alimwona chini ya hadubini mmoja ambaye kulabu zake hazikufanana na za mnyoo yeyote anayejulikana. Alinibishia hodi siku hiyo akicheka peke yake. Wenye fani ile wana desturi kwamba anayemweleza kiumbe kipya kwa mara ya kwanza ndiye humpa jina, na mara nyingi humpa la mtu anayemheshimu. Yeye alichagua jina la mama aliyekuwa akimuuzia samaki, wa familia za wavuvi wa maporomokoni. Maelezo yakaandikwa, yakatumwa Ulaya yachapishwe. Ndipo akakumbuka kwamba mama mwenyewe hajaambiwa, akaniomba nimsindikize nikaone furaha ya mama.

Tulimkuta akitoa matumbo ya samaki.

“Mama, jina yako itajulikana dunia muzima,” alisema mtafiti. “Tulipata mududu moja mupya mu ngolo yako, tukamupatia jina yako. Ni heshima, mama.”

Mama akaweka kisu chini. Kwetu hapa mwenye jina lako ni ndoyi wako. Mnaitana hivyo, mnapeana zawadi, na baya likimpata mmoja, mwingine hapati usingizi.

“Donc huyo mududu iko ndoyi yangu?”

“Eh, ndoyi.”

“Na iko wapi?”

“Ku laboratoire. Iko chini ya kioo.”

“Iko muzima?”

Mnyoo anayelibeba jina ni yule yule aliyebanwa kati ya vioo viwili, ahifadhiwe miaka na miaka.

“Alikufa, mama.”

“Papa profesa, unanizika na mi niko muzima? Tosha jina yangu. Mbele watu ya Poto waandike, tosha!”

Mama alitaka jina litolewe kabla watu wa Ulaya hawajalichapisha. Njiani kurudi mtafiti hakucheka tena. Aliniambia kwamba jina likishachapishwa halifutiki, hata yeye aliyelitoa hawezi kulibadili. Tangu siku ile mama akipatwa na homa kidogo tu, wanawe walifika kwa mtafiti kuuliza kama jina limetoka. Aliwajibu kwamba anafuatilia. Alianza kukonda. Mimi niliyesoma, nisiyeamini mambo hayo, nilijikuta nikiogopa kupita maporomokoni nisije nikasikia mama amelazwa.

Kwenye matanga mama aliketi karibu nami. “Tonton, alitosha?” Alitaka kujua kama jina lake liliondolewa. Nilimwita mtu aliyefanya kazi na marehemu maabara, naye akatutuliza. “Alitosha, mama. Alirudisha kazi yote toka Poto, siku kidogo mbele ya homa. Alikatala kuweka jina ya mutu mwingine, alikuwa anaogopa. Bon, sisi tutamaliza, na mududu tutamupatia jina yake ye mwenyewe, ya marehemu. Yeye alishakufa, haiko tena na kitu ya kuogopa.”

Mama alishusha pumzi, nami nikashusha yangu. Kisha akamtazama kijana aliyeketi kando ya mjane, mtoto wao wa kwanza.

“Na huyu,” akasema, “mwenye iko na jina ya papa yake, mulimuuliza?”

Mwenzake wa maabara akainamisha kichwa. Mjane alikwisha kusikia. Alimshika mwanawe mkono, akaukaza, wala hakuuachia mpaka tulipoaga.

Tunapenda sana kutunukiana majina. Tunayaweka kwenye shule, barabara, watoto, na sasa minyoo, kisha tunashangaa aliyetunukiwa akikosa raha. Marehemu alikuwa mtu mwema na alikusudia mema. Alichosahau ni kuuliza kwanza, na kusahau huko kulimnyima amani mpaka homa ikamkuta. Jina la mtu ni lake, na wako wengine wanaoishi ndani yake. Leo ninapoandika, mnyoo yule hana jina, amelala chini ya kioo chake akisubiri mtu aulizwe. Nami, kama mlivyoona, humu sikumtaja mtu.