Nilivyonunua kiwanja kwa baba mkwe ambaye sijawahi kumtazama usoni

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, leo nimeamua kuandika. Nitakayoeleza yametokea kama yalivyo, na mume wangu ameyasoma kabla sijayabandika. Amelalamikia sehemu mbili. Sijazitoa.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu Singida, nimeolewa Kyela, huu mwaka wa saba. Mume wangu, Ambakisye, anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Tuna watoto wawili. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili pembezoni mwa mji.

Tulipohamia pale, majirani zetu walikuwa migomba na vyura. Mvua zikianza, bodaboda walikuwa wanakushusha mbali na kukutakia safari njema. Kodi ilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyepataka.

Halafu kakao ikapanda bei.

Kwa wasioijua Kyela, ukiacha mpunga, kakao ndiyo pesa yetu. Bei ilipochangamka, watu waliokuwa wanaezeka kwa nyasi wakaanza kubishana kuhusu rangi ya bati. Wenye hela wa Mbeya na Tunduma nao wakasikia. Migomba ikawa kuta, kuta zikapata mageti, na nyuma ya mageti wakaja mbwa.

Ukitaka kujua kiwanja kinauzwa, ulikuwa unatafuta kilichoandikwa HAKIUZWI.

Mama mwenye nyumba wetu, mtu mwema tu, akaja asubuhi moja. Akakaa kwenye kigoda changu, akanisifia watoto, akasema anavunja nyumba. Anajenga apartment nne, kila moja na chumba cha master.

"Nanyi mnakaribishwa kurudi zikiisha," akasema.

Nikamwuliza kodi itakuwa kiasi gani. Akataja. Nikamshukuru kwa kunikaribisha.

Tulipewa miezi mitatu.

Nikaanza kutafuta. Dalali wa kwanza alinionyesha chumba ambacho dirisha lake linafungukia sebuleni kwa jirani. Alisema hiyo ni faida, taarifa ya habari nitaisikia bure.

Nikaona bora ninunue kiwanja, hata kidogo. Nilikuwa na akiba yangu, miaka mitano ya kushona sare za shule. Kiwanja nilichokiulizia Jumatatu, Alhamisi kilikuwa kimepanda bei. Nikamwuliza dalali kimepandishwa na nini.

"Dada, si wewe umekiulizia? Sasa hivi kina wateja."

Nikaacha kuulizia.

Sasa hapa ndipo penyewe.

Baba mkwe wangu anaishi kijijini, Busale, lakini ana eneo pale pale mjini, mitaa mitatu kutoka tulipopanga. Alilipata zamani, wakati ni jaruba la mpunga na watu wanamcheka kwa kulima mbali na nyumbani. Mji ukamfuata. Mpaka leo analima mpunga katikati ya nyumba za vigae. Ndege wote wa mtaa wanakula kwake.

Nikamwambia Ambakisye, nenda kamwombe baba yako. Kama hatoi, atuuzie.

Akaenda Busale Jumapili. Akarudi na mkungu wa ndizi.

"Umemwambia?"

"Tumeongea kuhusu mvua."

Jumapili iliyofuata akaenda tena. Mkungu wa pili.

Mume wangu si mjinga, wakuu. Ni mpole, na baba yake ni mtu wa maneno machache. Ukikaa naye nusu saa unaanza kuomba radhi kwa kitu ambacho hujafanya. (Hii ni mojawapo ya zile sehemu mbili.)

Wiki hiyo hiyo shemeji yangu wa Dar, mdogo wake Ambakisye, akapiga simu, anacheka. Amepatikana mfanyabiashara wa mpakani, anataka lile eneo lote ajenge lodge. Mzee amekubali kumsikiliza, Jumamosi, Busale. Shemeji alishaanza kusema habari za gari atakalonunua.

Mtaniuliza, kwa nini wewe usiende kuongea na mzee mwenyewe?

Kwa sababu mimi ni mkamwana wake. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini, na kanisani wanakaa wote wanaimba. Baba mkwe wangu hajaacha. Miaka saba yote sijamtazama usoni. Akija mjini kwetu, mimi natokea mlango wa nyuma. Tukikutana njiani, napita kwenye majaruba. Jina lake silitaji, hata hapa sitaliandika, mnisamehe; nasema Taata tu, yaani baba.

Mwanzoni niliona ni ukorofi. Baadaye nikaja kuelewa kwamba ni heshima, na yeye pia anahangaika. Siku moja alijificha nyuma ya lori la mchanga, mtu wa miaka sabini na kitu, ili mimi nipite.

Jumamosi nikafunga akiba yangu kwenye kitenge, tukaenda Busale mimi na Ambakisye. Njia nzima alikuwa anasema ataongea. Nikamwambia sawa.

Wanaume wakakaa barazani: mzee, Ambakisye, yule mfanyabiashara na dalali wake. Mimi nikazunguka nyuma, jikoni kwa mama mkwe. Jiko lile ni la tofali za udongo, limebanana na baraza. Unasikia mpaka mtu akimeza mate.

Mfanyabiashara ni mtu mzima, mstaarabu. Akasalimia vizuri, akasifia migomba, akataja bei yake.

Wakuu, ile bei nilikaa chini. Mama mkwe naye alikuwa anapakua wali, mwiko ukabaki hewani.

Nikasubiri Ambakisye aongee. Nikamsikia anakohoa. Kisha akasema, "Mwaka huu mvua..."

Hapo nikajisikia naongea. Sikuwa nimepanga. Nilimwangalia mama mkwe, lakini sauti niliielekeza ukutani.

"Mama, naomba umuulize Taata. Hilo eneo likiuzwa lote, wajukuu zake watalala wapi?"

Mama mkwe hakutoka kwenda kuuliza. Hakukuwa na haja.

Nikahisi nimevunja ndoa. Kisha mzee akaongea, na yeye akiuongelesha ukuta.

"Mwambieni huyo aliyeko jikoni kwamba hakuna mtoto wangu aliyewahi kuniomba kiwanja. Huyu wa hapa amekuja mara mbili. Nilimsubiri aseme. Nikampa ndizi."

Ambakisye akasema kwa sauti ndogo, "Niliogopa, Taata."

"Niliona."

Dalali akacheka. Mfanyabiashara hakucheka.

Nikaendelea, kwa sababu mtu akishavunja chungu hakuna haja ya kukibeba taratibu. "Mama, mwambie hatuombi kupewa. Tunanunua. Ninacho hiki, ndicho nilichonacho, bei ya mgeni siifikii hata nusu."

Nikampa mama mkwe kile kitenge. Akakibeba kwenye sinia, pamoja na wali, kama vile ni mboga. Akaviweka vyote mezani, akarudi kukaa nami. Akanishika goti.

Mzee hakukifungua. Alimgeukia mfanyabiashara, akamwambia, "Umesikia mwenyewe. Wewe ungefanyaje?"

Yule baba akakitazama kile kitenge. Akasema, "Mzee, nimekuja kununua ardhi. Ugomvi wa familia sina pa kuujengea."

"Basi karibu chakula," mzee akasema.

Wakaanza kula. Dalali peke yake ndiye aliyelalamika kwamba wali umepoa.

Walipoondoka, mzee akatoa uamuzi, bado anauongelesha ukuta. Nusu ya eneo anatuuzia kwa hela ile ile iliyo kwenye kitenge. Nusu nyingine anaendelea kulima mpunga wake mpaka afe, watoto wagawane. Na hati ya mauziano iandikwe jina langu mimi.

Ambakisye akauliza kwa nini lisiwe jina lake.

"Wewe ni mtu mwema," mzee akamwambia. "Akija mtu na hela, utamwuzia kwa sababu unaona haya kumkatalia. Huyo wa jikoni haoni haya."

(Hii ndiyo sehemu ya pili.)

Nikasema kupitia ukutani, "Ndaga fijo, Taata." Asante sana. Mama mkwe akachungulia, akaniambia kwamba ameitikia kwa kichwa.

Kuandikishana nako kulikuwa na mambo yake. Ofisi ya mtaa ina chumba kimoja. Mzee akaingia na mashahidi wake, akasaini. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya ofisi, chini ya dirisha. Mtendaji akanipitishia karatasi dirishani, nikaisaini kwenye ukuta. Alisema ameandikisha viwanja vingi, ila muuzaji na mnunuzi wanaokimbiana wakiwa wamekubaliana bei ilikuwa mara yake ya kwanza.

Sasa tunaishi hapo. Chumba kimoja kimeezekwa, viwili bado ni kuta. Sijapiga lipu. Kushoto nina mpunga, kulia nina jirani mwenye kamera nne zinazolinda geti lake dhidi yangu.

Sitaki mdhani mambo yote yameisha vizuri. Shemeji wa Dar hazungumzi nasi. Kwenye msiba wa shangazi yao alimpita kaka yake kama mti. Ambakisye hasemi kitu, lakini namjua, inamuuma. Nilijaribu kumpigia mimi, akapokea mke wake, akasema yupo bafuni. Amekuwa bafuni mwezi wa nne sasa. Nami naelewa. Naye alikuwa na mahesabu yake, na gari lile alikuwa ameshalipaka rangi kichwani.

Na nikiri moja zaidi. Wiki iliyopita kuna baba alisimamisha gari akauliza kama nauza. Nilitakiwa kusema hapana. Nilimwuliza anatoa ngapi. Alichotaja, wakuu, chakula cha mchana kilinishinda. Nikamwambia nitafikiria, na Ambakisye nikamwambia baada ya siku mbili. Alinitazama tu, akaenda kazini. Yule baba alipopiga simu nikamwambia siuzi. Ila nimeshajua kwamba ile haya ya kumkatalia mtu ninayo kama watu wengine, bei yake tu ndiyo iko juu kidogo.

Nilichojifunza: kama kuna eneo la familia na mnalihitaji, semeni mapema, kabla dalali hajasema. Wazee wengi hawajakataa, hawajaulizwa. Na ukiona mwenzako anashindwa kusema, usimcheke, lakini usimsubiri pia.

Karibuni kwa maoni na matusi. Wenye uzoefu wa Kyela nisaidieni: hapa ukichimba mita moja tu unakutana na maji. Shimo la choo mnajenga vipi? Fundi wa kwanza ameniambia nihamie Tukuyu, milimani.