Mabega ya Mjomba

Mjomba wangu hakuwahi kumpima mteja kabla ya kumwona akitembea. Ukiingia kibandani kwake kutaka suruali, alikutazama juu ya miwani na kukwambia, “Nenda mpaka mlangoni, urudi.” Wageni walidhani ni mzaha. Ukirudi, alikuwa keshajua kwamba bega lako la kushoto limeshuka, kwamba unaukanyagia nje mguu wa kulia, na kwamba tumbo unalibana kwa ajili yake. “Liachie,” alisema. “Suruali utaivaa wewe, sitaivaa mimi.” Ndipo alipoivua tepu shingoni.

Watu walimwita Sentimita, na jina hilo lilimfuata hadi hospitali. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja figo zilipomgomea, baada ya shinikizo la damu alilolipuuza kwa miaka mingi, kwa sababu halikumuuma. Tangu hapo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zikawa za mashine. Kwa saa nne nzima damu yake ilitoka mkononi, ikasafishwa, ikarudi. Kiti chake kilikuwa cha tano, karibu na dirisha, na kutoka hapo aliyakosoa mashuka ya wodi. “Aliyeshona pindo hili,” alimwambia muuguzi, “alikuwa anawahi harusi yake mwenyewe.”

Kila mgonjwa alipanda mizani kabla ya mashine na baada yake. Mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi hakojoi vya kutosha, hivyo anachokunywa kinabaki mwilini, na mashine ndiyo inayokitoa. Kila mmoja ana namba yake, uzito anaopaswa kubaki nao maji ya ziada yakishatoka. Namba ya Mjomba ilikuwa sitini na nne. Mizani waliiita Hakimu, na aliyekunywa kupita kiasi alionekana mbele ya wote.

“Leo Hakimu atakufunga maisha,” Mjomba alimwambia jirani yake wa kiti cha sita, dereva mstaafu wa malori.

“Nilikunywa chai tu.”

“Kwa kikombe au kwa ndoo?”

Yeye mwenyewe hakupatikana na hatia hata mara moja. Aliingia na kilo sitini na tano na ushee, akatoka na sitini na nne kamili. Wauguzi walimtaja kama mfano.

Nilipohitimu chuo nikiwa na shahada ya takwimu, nilipata kazi katika wodi hiyohiyo. Kulikuwa na utafiti. Wengi wanaoishi kwa mashine hatimaye huuawa na moyo, na sisi tulitaka kujua mapema ni moyo wa nani utakaoanza kuyumba. Nilikusanya umri, sukari, shinikizo, miaka kwenye mashine, majibu ya damu, kiasi cha maji mtu anachoongeza kati ya siku na siku. Programu ilivichanganya ikampa kila mgonjwa rangi: kijani, njano au nyekundu. Daktari bingwa wa moyo alikuja mara moja kwa mwezi na kuwapiga picha ya moyo wagonjwa kumi tu. Wenye nyekundu walitangulia.

Niliiamini kazi ile kama mtu anavyoiamini dini aliyoichagua ukubwani. Kabla yetu, kumi wale walikuwa shemeji za wakubwa na majirani wa wakubwa. Mwezi wangu wa pili mjumbe mmoja wa bodi alinipigia simu akitaka mkwewe aingizwe. Nilimkatalia, kisha nikaandika barua ya kurasa mbili na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Nilisema orodha ile haimjui mjomba wa mtu wala shangazi wa mtu. Mjomba aliisoma akiwa amesimama kwenye Hakimu. “Huyu nimemlea mimi,” aliwaambia watu wa foleni, na nilimwona akijivuna.

Rangi yake ilikuwa kijani. Maji aliyoongeza yalikuwa machache, sukari hakuwa nayo, na namba yake haikusogea.

Mwaka huo alipatwa na kikohozi kizito, na kwa miezi miwili akawa anadonoa chakula kama kifaranga. Alipona. Jumamosi moja nilipita kibandani kwake nikamkuta amevua shati.

“Mpwa, shika hapa. Bega hadi bega.”

“Arobaini na tatu.”

“Arobaini na tano,” alisema akifunua daftari la vipimo, ukurasa uliokuwa wa kwake mwenyewe. “Mwaka jana. Sasa zungusha mkono wa juu.”

“Ishirini na nne.”

“Ulikuwa ishirini na nane. Kiuno kiko palepale. Kifundo cha mguu kimeongezeka tatu.” Alishusha soksi, na mpira wake ulikuwa umechimba mtaro kwenye ngozi. “Wewe uliyesoma hesabu mpaka nywele zikakuogopa, hebu niambie. Mabega yamekwenda, mikono imekwenda, na Hakimu bado anasema sitini na nne. Mahali pa nyama pameingia nini?”

Nilimtazama. Nataka nikiri kwamba swali nililielewa.

“Uliugua, Mjomba. Na umri nao.”

“Umri haunenepeshi vifundo. Nikipanda ngazi za nyumbani napumzika katikati. Nadhani maji yamezidi unga humu ndani.”

“Bado uko kwenye kijani.”

“Hicho kijani kimenipima kwa tepu gani?”

Nilicheka. Yeye alivaa shati, akafunga vifungo kimoja kimoja, akakaa kwenye kigoda cha cherehani.

“Niingize kwenye wale kumi,” alisema. “Mara moja tu. Wakiona moyo mzima, nitakuomba radhi mbele ya wodi yote.”

“Mjomba, kuna watu wana nyekundu wanasubiri tangu mwezi wa pili. Nikikuingiza wewe, yule wa bodi atasema nini?”

“Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.”

“Wewe hujawa maiti.”

“Ndiyo maana nakwambia mapema.”

Nikamkatalia. Nilimkatalia kwa maneno mazuri, maneno ya barua yangu, nikamweleza kwamba haki ikianza kuchagua ndugu haibaki haki. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Sawa,” alisema. “Nimekulea mwenyewe, nitamlaumu nani.” Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu iliyofuata nililifungua faili lake. Shinikizo lilikuwa limepanda, wakamwongezea kidonge. Ile namba, sitini na nne, ilikuwa na tarehe ya miezi minane nyuma, kabla ya kikohozi. Ningeweza kutembea hatua ishirini hadi kwa sista wa zamu na kusema, “Namba ya huyu iangaliwe upya, amekonda.” Hilo lisingehitaji orodha yoyote. Lakini wauguzi walikuwa wawili kwa mashine kumi na mbili, na mimi nilikuwa na fomu kumi na tisa za kuingiza. Na moyoni niliona kwamba hata hilo lingekuwa upendeleo. Nikafunga faili.

Alikaa wiki tano zaidi. Jumatatu asubuhi, saa moja, akiwa amekaa kitandani anavaa kiatu ili aende kwenye mashine, alimwita mkewe kwa jina, akaegemea ukuta, basi. Kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ndio muda mrefu kuliko wote bila mashine. Hilo nalijua kwa takwimu. Mioyo mingi husimama asubuhi hiyo.

Daktari wa figo alinieleza ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Mgonjwa akikonda nyama, namba yake lazima ishushwe. Isiposhushwa, mashine inamwachia maji kujaza nafasi ya nyama iliyokwenda. Mizani inasoma uzito uleule, na moyo unasukuma mzigo usioonekana siku saba kwa wiki. Labda lita nne, alisema, labda zaidi. Nikamuuliza kama kungekuwa na dalili ya kuonekana. Akasema mabega, mikono, sehemu za juu. “Nguo humlegea mtu huku uzito hausogei,” alisema. Sikumwambia kwamba fundi alikuwa amelikuta hilo peke yake, kwa tepu na daftari.

Nimeandika ripoti. Nimedai namba ya kila mgonjwa iangaliwe upya kila mwezi, na fomu iulize kama nguo zimemlegea. Sista amekubali, na kwa wagonjwa watatu namba imeshushwa. Mmoja wao ni yule dereva wa kiti cha sita. Amenishukuru, nami sikuweza kumtazama usoni.

Mke wa Mjomba mimi humwita Mama, kwa kuwa ndiye aliyenilea pamoja naye. Siku ya nne baada ya maziko, watu walipopungua, tulikaa barazani tukipanga viti vya kurudisha kwa majirani. Tangu Jumatatu alikuwa mkavu wa macho. Wageni walikuwa wakimsifu kwa kujikaza.

“Mwanangu,” alisema, “mwezi wote huo alikuwa analala kwa mito mitatu. Jumapili mchana pumzi ikawa fupi kabisa. Nikamwambia twende hospitali. Akasema kesho ni siku ya mashine, na mpwa wake amemwona yuko sawa. Sasa wewe nijibu. Alipokuwa anapungua vile, alikueleza?”

“Alinieleza, Mama. Tulimpima pamoja.”

Akakiweka chini kiti alichokuwa amekishika.

“Alikuomba umpeleke kwa yule daktari wa moyo?”

“Aliniomba.”

“Ukamwambia nini?”

Nikamwambia nilichomwambia. Sikupunguza neno. Hata lile la haki kuchagua ndugu nililisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma barua iliyoandikwa na mwingine.

Alikisukuma kile kiti kwenye safu ya vile vya majirani.

“Mimi nilimuuliza,” alisema. “Nilimwambia kamwombe kijana, yuko palepale, ni neno moja tu. Akaniapia kwamba hajakuomba wala hatakuomba. Akasema nisikutie majaribuni, una kazi nzuri, na wewe nisikuulize kamwe.” Alifuta mikono kwenye kanga. “Kumbe alikwishakuomba.”

“Mama, nisamehe.”

“Kula, kuna chakula jikoni,” alisema.

Akanyanyuka, akaingia ndani, akaurudishia mlango taratibu. Nikabaki na viti. Kisha nikamsikia akilia.