Dawa Aliyoisifia Mama Mifugo

Marcelina alistaafu mwaka 2019, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kukanyaga samadi za mazizi ya watu. Alipangiwa Bariadi akitokea Rombo, akiwa binti mwembamba aliyeogopa hata fahali aliyefungwa kamba. Siku zile Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulipokuja kuzaliwa, yeye alikuwa ameshajenga nyumba mtaa wa Somanda, ameolewa na mwalimu Ansbert kutoka Karagwe, amejifunza Kisukuma cha kutosha kugombana na wenye ng'ombe, na vijijini hakuna aliyemwita Marcelina. Alikuwa Mama Mifugo.

Kustaafu kulimuuma kuliko alivyotarajia. Simu ziliendelea kuita. Mtu wa Sapiwi anauliza ndama anaharisha damu, mtu wa Kiloleli anauliza mbuzi amevimba tumbo. Binti yake Sia, anayefundisha Dodoma, alikuja likizo akamkuta mama yake anajibu swali moja kwa mara ya nne siku hiyo.

"Mama, kwa nini usiandike mara moja wote wakasome?" akamwambia. "Nakufungulia tovuti. Ikipata wasomaji wengi, matangazo yanakulipa."

Marcelina alicheka, lakini aliandika. Makala ya kwanza ilihusu ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe na unaoua ng'ombe upesi kuliko mwenyewe anavyoweza kufika dukani. Akaandika namna ya kupapasa matezi chini ya sikio, namna ya kupima homa, siku ya kuanza kuogesha. Aliandika kama anavyozungumza, bila maneno ya darasani. Baada ya mwaka mmoja watu elfu kadhaa walikuwa wanamsoma kila mwezi, wengi wakiwa vijana wanaowasomea baba zao kwenye simu. Matangazo yale madogo ya pembeni, yanayojiweka yenyewe, yalimpa hela ya umeme na sukari. Hakulalamika. Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba bado alikuwa na kazi.

Kisha Ansbert akapata kiharusi. Upande wa kulia ulilala, ulimi ukawa mzito. Pensheni za watu wawili, zilizokuwa zikitosha vizuri, zikaanza kuishia njiani kati ya Bariadi na Mwanza, kwenye mazoezi ya viungo na vipimo vya kila mwezi. Wakauza ng'ombe wao wawili wa maziwa. Zizi likabaki tupu, Marcelina akapanda mchicha humo.

Ndipo Novatus alipokuja. Alikuwa wakala wa kampuni moja ndogo ya dawa za mifugo, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye adabu, aliyevua viatu mlangoni na kumsalimia Ansbert kwa kumshika mkono ule mgonjwa. Alitaka makala kuhusu dawa mpya ya kuogesha ng'ombe, ya chupa ya njano. Kampuni ingemlipa Marcelina kila mwezi kwa kuiweka makala hiyo juu kabisa ya tovuti yake, na malipo ya mwezi mmoja yalizidi yale ya matangazo ya pembeni kwa mwaka mzima.

Marcelina aliandika. Novatus akasoma kwenye simu, akatikisa kichwa taratibu.

"Ni nzuri, mama. Ila umeandika kama sisi. Wafugaji hawayaamini maneno ya kampuni, wanakuamini wewe. Ongeza kwamba umeitumia mwenyewe."

"Sijaitumia, mwanangu."

"Utaitumia. Chupa mbili hizi hapa nimekuletea. Andika leo, Jumamosi ujaribu kwa jirani. Kuna ubaya gani?"

Aliiwaza sentensi ile kabla ya kuiandika. *Nimeitumia kwa ng'ombe wangu, na kupe wote walidondoka ndani ya siku moja.* Hakuwa na ng'ombe. Alijua kabisa kwamba hakuwa na ng'ombe. Chupa mbili akaziweka stoo, nyuma ya jembe, akajiambia Jumamosi. Jumamosi hiyo Ansbert alianguka chooni, wakakaa Mwanza siku tisa. Waliporudi, malipo ya kwanza yalikuwa yameshaingia, na mfugaji mmoja wa Maswa alikuwa ameandika chini ya makala, "Asante Mama Mifugo, tunakuamini." Jumamosi nyingine zikapita.

Miezi mitano baadaye, asubuhi, alikuwa anamlisha Ansbert uji barazani alipomwona mtu mrefu amesimama nje ya wigo na fimbo yake, hathubutu kupiga hodi. Alimtambua. Alikuwa Mboje Ngassa wa Kimali, kule Meatu. Marcelina alimfahamu tangu Mboje akiwa kijana anayewashikia pembe ng'ombe wa baba yake wakati wa chanjo.

"Mwangaluka, mayu," Mboje akasema, akitumia neno la Kisukuma la kumwita mama.

"Mwangaluka, baba Salu. Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu, kwamba ni amani tu, kwa sababu hivyo ndivyo mtu hujibu. Lakini hakukaa mpaka alipovutiwa kiti mara ya pili.

Alikunywa maji. Aliuliza hali ya mwalimu. Kisha akafungua mfuko wa nailoni, akatoa chupa ya njano iliyobaki dawa robo, akaiweka sakafuni taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mayu, ng'ombe wangu kumi na mmoja wamekufa. Ni ndigana, nilipapasa matezi kama ulivyoandika. Nimekuja unionyeshe nilipokosea."

Marcelina hakuelewa mara moja. Akauliza, "Ulikosea wapi?"

"Kwenye kuogesha. Binti yangu Milembe alinisomea maneno yako. Nikaenda mjini Mwanhuzi nikanunua hii hii, nikaacha ile ya zamani. Nikachanganya kwa kipimo, kila wiki. Kupe hawakudondoka. Nikasema labda maji mengi. Nikapunguza maji. Hawakudondoka. Majirani wakaniambia hiyo dawa ni maji tu, iache. Nikawajibu, Mama Mifugo ameitumia kwa ng'ombe wake, mimi ndiye sijui kuitumia." Akafuta uso kwa kiganja. "Nimekaa nalo hilo mpaka wamefika kumi na mmoja. Saba walikuwa wa mahari, mwanangu Salu aoe."

Ansbert, aliyekuwa akisikiliza na uji mdomoni, aligeuza macho akamtazama mkewe. Yeye ndiye mtu pekee aliyejua kwamba zile chupa za stoo hazijafunguliwa.

Marcelina alikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Mwenyewe alikiri baadaye, aliponisimulia habari hii, kwamba aliogopa. Alichosema ni, "Twende nikaone." Akamwita jirani yake Nancy aje kukaa na mwalimu, akachukua mkoba wake wa zamani wa kazi, akapanda basi na Mboje. Njiani Mboje alimsimulia habari za mvua na za bei ya pamba. Alimlipia na nauli, akakataa kabisa kurudishiwa. Marcelina aliniambia kwamba katika safari zote alizowahi kusafiri, hata ile ya kumzika mama yake Rombo, hakuna iliyokuwa ndefu kama ile.

Kimali walifika jua likiwa limeshageuka. Zizi la Mboje lilikuwa kubwa, limejengwa kwa miiba, na ukubwa wake ndio uliomkata maini, kwa sababu ng'ombe waliobaki walisimama upande mmoja kama wageni. Mtamba mmoja alikuwa amelala, anapumua kwa shida, povu puani. Marcelina alipiga magoti akapapasa chini ya sikio. Tezi lilikuwa limevimba kama yai. Alimchoma sindano aliyokuja nayo, ingawa alijua amechelewa. Kisha akaanza kukagua wengine, masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele. Kupe walijaa, wamenona, kwenye ngozi iliyoogeshwa siku mbili zilizopita.

Aliomba vikopo viwili. Kimoja akachanganya dawa ya chupa ya njano kwa kipimo kilichoandikwa. Kingine akachanganya dawa ya zamani, aliyoazima kwa jirani. Akachovya kupe ishirini ishirini kwa muda ule ule, akawatoa, akawafungia kila kundi ndani ya kitambaa chake. Sayi, mke wa Mboje, alimtandikia mgeni kitanda cha binti yake na kumpikia ugali na maziwa mgando. Marcelina alikula kidogo tu.

Asubuhi walikusanyika uani: Mboje, Sayi, Milembe, na majirani wawili waliokuja kuona Mama Mifugo anafanya nini. Akafungua vitambaa. Kupe wa dawa ya zamani walikuwa wamekufa. Wale wa chupa ya njano walikuwa wanatembea, wawili walishafika ukingoni mwa kitambaa.

"Kwa hiyo sikukosea," Mboje akasema. Sauti yake ilikuwa na nafuu ndani yake, na nafuu hiyo ndiyo iliyomvunja Marcelina.

"Hukukosea, baba Salu. Mimi ndiye niliyekosea."

"Wewe ulidanganywa na wenye dawa. Yako ilikuwa nzima, hii wameichakachua."

Mlango ulikuwa huo, umefunguliwa na mwenye msiba mwenyewe. Angepita tu, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana," Marcelina akasema. "Sikuitumia. Ng'ombe niliuza zamani, mwalimu alipougua. Walinilipa nikaandika kwamba nimeitumia. Chupa zangu ziko stoo, hazijafunguliwa."

Milembe, aliyekuwa ameshika simu, alishusha mkono. Jirani mmoja alitema mate pembeni akasema kwa Kisukuma jambo ambalo Marcelina alilielewa vizuri na ambalo hakupenda kunisimulia. Mboje aliinama akavitazama vile vitambaa.

"Ungeandika kwamba wenye dawa wanasema inaua kupe," hatimaye akasema, "ningeijaribu kwa ng'ombe mmoja. Nikiona haifai ningeiacha. Ni lile neno lako lililonishika." Hakupaza sauti. Akasimama, akaenda kuwafungulia ng'ombe waende malishoni.

Sayi ndiye aliyemsindikiza mgeni mpaka barabarani. Basi lilipoonekana, Sayi alisema, "Ungekuja kutuuliza, tungekuchangia matibabu ya mwalimu. Watu wengi hapa wangekuchangia." Marcelina akapanda basi.

Aliporudi Bariadi aliandika makala fupi kuliko zote. Alisema nani alimlipa, alisema hakuitumia dawa ile, alieleza jaribio la vikopo viwili ili kila mfugaji aweze kulifanya mwenyewe, na alitaja ng'ombe kumi na mmoja bila kumtaja mwenyewe. Aliiweka juu kabisa, mahali pale pale palipokuwa pamelipiwa. Sia alimpigia simu akilia, akamwomba aifute, kwamba angefuta tu ile ya zamani na mambo yangeisha. "Nani angejua, mama?"

"Walioisoma wanaendelea kuogesha nayo, Sia. Nikiifuta nitawaambiaje?"

Novatus alipiga siku hiyo hiyo. Safari hii hakukuwa na kuitana mama wala mwanangu. Alitaja mwanasheria, alitaja kuchafuliwa kwa jina la kampuni, na kesho yake namba yake haikupatikana tena. Marcelina alichukua chupa zake mbili zisizofunguliwa, akazipeleka kwa maofisa wa mifugo aliowahi kuwafundisha kazi yeye mwenyewe. Walizipokea, wakaandika namba, wakamwambia vipimo vinafanyika mbali na vinachukua muda. Hawakumtazama usoni. Hadi ninapoandika haya hajapata jibu.

Majibu ya wasomaji alipata mengi. Wapo waliomshukuru. Wapo waliomwita mwizi. Wafugaji sita, kutoka Itilima hadi Kishapu, waliandika idadi ya ng'ombe wao waliokufa, idadi tu, bila neno lingine. Anazikumbuka zote. Wasomaji walipungua hadi chini ya nusu, na safari za Mwanza zikawa moja kila baada ya miezi miwili. Ansbert, aliyekuwa ameanza kukunja vidole vya mkono wa kulia, hivi sasa hakunji tena vizuri. Nilimuuliza mwalimu anaionaje hatua ya mkewe. Alihangaika na maneno kwa muda, akasema, "Hak... haki. Lakini ni ghali."

Mwezi wa saba, Marcelina aliuza kiwanja chao kidogo cha Kiloleli, akanunua mitamba mitatu, akaisafirisha Kimali. Mboje alikuwa mashambani. Wazee wawili wa ukoo waliitazama ile mitamba, wakauliza imetoka wapi, wakamwambia aiache, mwenyewe atasema. Wiki mbili alisubiri simu. Iliyokuja ilikuwa ya Milembe.

"Baba amewaingiza zizini," binti alisema. "Amesema nikwambie wamefika wazima."

"Na yeye anasemaje?"

Ng'ombe walisikika wakilia kwa mbali.

"Hajasema kitu, mayu. Salu ameahirisha ndoa hadi mwakani. Baba siku hizi dawa anamuuliza yule kijana bwana mifugo wa kata."

Marcelina alishukuru, akaikata simu. Ilikuwa saa ya Ansbert kunyooshwa mkono, mara thelathini asubuhi, kama walivyoelekezwa Mwanza. Alikaa kando yake akaanza kuhesabu.