Insha Nilizomwandikia Editha

Nakiri mbele yenu: aliyeniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Nyakatuntu. Nilikosa nafasi ya kidato cha tano, na hamu ya chuo kikuu haikuwahi kunitoka. Editha, binti wa katibu kata, alikuwa anasomea Kiswahili huko chuoni. Likizo moja alirudi akilalamika kwamba kozi yake inadai insha tatu ndefu, kila moja iandikwe mara mbili, la sivyo hamalizi mwaka.

"Kaka Deo, kuandika kunanishinda," aliniambia.

Hakunibembeleza, mimi ndiye niliyembembeleza aniachie nimwandikie. Wiki tatu nzima nilijiona mwanachuo. Insha ya mwisho niliiandika juu ya marehemu mama yangu. Editha akazinakili zote kwa mwandiko wake.

Likizo iliyofuata mhadhiri wake, mtu wa pwani, alifika huku kwetu Nkwenda kukusanya masimulizi ya wazee, nami nikaitwa nimtafsirie lugha yetu, Kinyambo. Tukiwa kwao Editha tunakunywa chai, mhadhiri akatoa ile insha ya mwisho.

"Hii ilinitoa machozi," alisema, akaanza kuisoma kwa sauti.

Nilifumba macho. Mtu wa chuo kikuu alikuwa anasoma maneno yangu!

Ghafla akasita. "Editha, kwa nini mama alizikwa ndani ya kibanda?"

"Siyo kibanda, mwalimu," nikadakia kwa furaha. "Niliandika kibanja, shamba la migomba!"

Editha akaweka kikombe chini taratibu. Mhadhiri akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Uliandika?"