Nabiha na Kompyuta Iliyounganisha Transfoma za Marikiti

Saa mbili unusu asubuhi, ghorofa ya pili ya jengo moja mtaani Tononoka, Nabiha Abdulbasit ameketi mbele ya kompyuta, ameshika tama. Kwenye kioo, mtandao wa umeme wa mitaa inayozunguka soko la Marikiti umechorwa kwa mistari myembamba. Jana jioni aliuacha ukiwa wa kijani. Leo umekuwa mwekundu, rangi ya kuzidiwa, na yeye hajaugusa.

"Programu imejisasisha yenyewe usiku," anasema bila kugeuza uso. "Hawakuniuliza. Hawa watengenezaji hawaulizi kamwe."

Anatafuta kitufe alichokizoea miaka yote. Hakipo. Anapekua huku na huku, anavuta pumzi, na hatimaye anakikuta kimefichwa nyuma ya kialama ambacho hata yeye hajui ni picha ya nini.

Nabiha, mwenye umri wa miaka 41 na mama wa watoto wawili, ameajiriwa katika ofisi ndogo ya ushauri wa mambo ya umeme. Mtu akitaka kuunganisha mzigo mkubwa wa umeme, iwe hoteli, kiwanda au lifti, hutakiwa kwanza alete ripoti kuonyesha kwamba mtandao utaubeba. Hapo ndipo anapoingia Nabiha. Huuchora mtandao ndani ya kompyuta, akawasha mitambo ambayo hata haijanunuliwa, kisha akaangalia kitakachoungua.

"Mimi naunguza transfoma kila wiki," anatania. "Ila hakuna anayesikia harufu."

Alizaliwa Mji wa Kale, na alisomea umeme katika chuo cha ufundi kilicho karibu na mtaa wa Buxton, akienda na kurudi kwa miguu. Mamake, Bi Mwanatumu, hadi leo hajaielewa kazi hiyo. Humuuliza mwanawe ni umeme gani huo usioshikwa waya, wa kutazama kioo mchana kutwa na kurudi nyumbani na kichwa kinauma.

Kichwa kilianza kuuma kweli kweli mwaka jana, toleo jipya la programu lilipoingia. Watengenezaji walilisifu kwa mambo mapya mengi: ramani inayochora nyaya yenyewe, akili ya kujaza taarifa zinazokosekana, na hesabu inayofuata matumizi ya umeme saa kwa saa, siku nzima. Nabiha alichotaka ni kuifungua tu.

Leseni ya kuitumia programu sasa yategemea mtandao wa intaneti. Umeme ukikatika Tononoka, intaneti nayo huzimika, na programu hujifunga. "Hebu fikiria," asema. "Programu ya kuchunguza kukatika kwa umeme, umeme ukikatika haifanyi kazi. Nilimwambia bosi wangu nikidhani atacheka. Hakucheka."

Bosi huyo ni mhandisi Muhdhar, mtu mtaratibu asiyependa maneno mengi. Ndiye aliyemkabidhi kazi ya wafanyabiashara wa Marikiti.

Wauzaji wa matunda na mboga walikuwa wameungana kujenga chumba cha baridi nyuma ya soko. Kwa miaka mingi walikuwa wakitupa nyanya na maembe yaliyooza kwa joto. Kiongozi wao, Mapenzi Kalama, muuzaji wa nyanya, anakadiria kuwa katika kila makreti kumi anayoyapokea wakati wa kiangazi, matatu huishia jaani. Chumba kilikuwa tayari, mitambo miwili ya kupozea imeagizwa. Kilichobaki ni ripoti.

Nabiha alichora, akabonyeza, na kila kitu kikawa chekundu. Programu ilidai transfoma ya soko imezidiwa hata kabla chumba hakijaunganishwa. Akarudia. Jibu likawa lile lile. Wiki nzima alijilaumu, akikagua kila waya, huku Mapenzi akipiga simu kila adhuhuri kuuliza habari.

Aliwaandikia watengenezaji. Akajibiwa na mashine, ikamshukuru na kumwomba aipe huduma hiyo nyota.

Mwishowe fundi mwenzake, Kavumbi, akaenda sokoni kwa miguu, akapiga picha na kumletea. Transfoma zilikuwa mbili, zimesimama karibu karibu. Moja hulisha soko, nyingine hulisha vichochoro vya nyuma. Ile ramani mpya iliziona mahali pamoja, ikaamua ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili. Ikafuta moja na kuitwika nyingine mzigo wote.

"Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi," Nabiha anakumbuka. "Niliogopa nikibaki ndani nitaipiga ile kompyuta."

Alizitenganisha transfoma, akaizuia ramani isibahatishe tena, na mtandao ukawa wa kijani. Angeweza kuituma ripoti siku hiyo. Muhdhar alikuwa ameshafungua kalamu ya kutia sahihi.

Lakini toleo jipya lilikuwa na ile hesabu ya saa kwa saa, na Nabiha akaijaribu, asema, kwa hasira tu, aone itaharibu nini tena. Mchana ulipita salama. Ilipofika magharibi, watu wanapowasha taa na majiko, programu ikaonyesha kwamba mitambo ya kupozea ikianza kwa pamoja, umeme utaporomoka katika jengo moja la kichochoro jirani, linalolishwa na mwisho wa waya wa soko. Jengo hilo ni kituo cha wakunga. Akina mama wa Mji wa Kale hujifungulia hapo.

Hakuamini. Programu ilikwisha kumdanganya, kwa nini aiamini sasa? Alitaka kuifunga aende nyumbani. Badala yake aliongozana na Kavumbi hadi kituoni, wakaomba ruhusa kwa mkunga mkuu, Bi Ruweida, na kupima umeme kwenye soketi jua lilipozama. Ulikuwa tayari dhaifu, bila hata chumba cha baridi. Bi Ruweida hakushangaa. Aliwaeleza kwamba saa hizo taa ya chumba cha uzazi hufifia, na wao hushika tochi wakaendelea na kazi.

"Pale ndipo nilipokasirika zaidi," asema Nabiha. "Kwa sababu ile programu ilikuwa imesema kweli, na mimi nilitaka iwe imekosea."

Kuwaeleza wafanyabiashara haikuwa rahisi. Walikuwa wamengoja mno. Nabiha aliwaambia kwamba mitambo isiwashwe pamoja, kwamba panatakiwa kifaa cha kuiwasha mmoja mmoja, polepole, na kwamba kampuni ya umeme iombwe kukipa kituo waya wake peke yake. Yote hayo ni kungoja tena. Wengine waliondoka kikaoni bila kuaga.

Mapenzi alibaki amekaa juu ya kreti lake. "Mwanangu," alimwambia, "juzi ulisema haiwezekani kwa sababu ya kompyuta. Leo wasema inawezekana lakini si sasa, kwa sababu ya kompyuta hiyo hiyo. Mimi nishike lipi?"

Nabiha alimwambia kuhusu tochi ya wakunga. Mapenzi akasema mjukuu wake wa kwanza alizaliwa pale pale. Siku ya pili ndiye aliyewazungukia wenziwe kibanda kwa kibanda, akiwasihi wasubiri.

Walisubiri miezi miwili. Kifaa kikaja, waya mpya ukavutwa, na chumba kikawashwa. Siku hiyo magharibi Bi Ruweida alimpigia Nabiha simu kumwarifu kuwa taa haikufifia.

Leo nyanya za Mapenzi zinakaa siku nne zaidi bila kuoza, ingawa bado analalamika kuwa mlango wa chumba ni mzito.

Naye Nabiha bado anapigana na kioo chake chekundu. Watengenezaji walitangaza nafasi za watumiaji wa kulijaribu toleo lijalo kabla halijatoka. Aliomba, akakubaliwa, na anaanza mwezi ujao, jioni baada ya kazi, bila malipo. Anataka ramani imuulize mtu kabla ya kufuta kitu, na programu ifanye kazi hata intaneti ikizimika. Baadaye angependa kuwafunza vijana wa chuo alikosomea, ili wasipoteze wiki nzima kama yeye.

Muhdhar amemuuliza kwa nini ajitie mzigo wa bure.

"Nitawakera," Nabiha anasema, akibonyeza upya. "Nitawakera kama walivyonikera mimi, mpaka wajue kuna mtu Tononoka."