Karatasi ya Thelathini na Mbili

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, wanafunzi wamempa jina la Mwalimu Tamathali, na jina limemkaa kuliko gauni. Anafundisha fasihi ya Kiingereza darasa la mwisho, wale wenye ndevu na majivuno. Mimi ni fundi muashi. Shule niliiacha mapema, wala haikunililia, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Lakini aliyeliokoa darasa lile ni mimi, asikudanganye mtu.

Ana mtindo wake. Kila Ijumaa wanafunzi wote thelathini na mmoja hutumbukiza kwenye kopo la maziwa karatasi isiyo na jina, yenye sentensi moja kuhusu darasa lao. Yeye husoma, wao hutaja tamathali. "Dawati langu ni punda." Sitiari! "Chaki imevunjika kama jino bovu." Tashbiha!

Muhula huu karatasi zikawa thelathini na mbili. Ile ya ziada iliandikwa kwa penseli, herufi zimeinama: "Ukuta wa nyuma unapumua." Darasa zima likapaza sauti: "Tashihisi!" Mwalimu akaipa kumi kwa kumi. Ijumaa ya pili: "Ukuta wa nyuma umechoka kusimama." Kumi tena. Ya tatu: "Ukuta wa nyuma umeshachagua safu." Hapo hakuna aliyepaza sauti. Kumi akaitoa hata hivyo.

Jumapili akaniletea hizo karatasi, akanitafsiria.

"Mjomba, ona tashihisi ilivyokaa!"

"Kaandika nani?"

"Wote wanakana. Nimelinganisha miandiko, hakuna hata mmoja unaofanana."

"Na ukuta umeutazama?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba jamani! Hiyo ni lugha ya picha."

"Mama, nusu ya nyumba za mji huu nimezisimamisha mimi. Sijaona picha inayochoka kusimama. Kesho nakuja."

Jumatatu nikaingia katikati ya kipindi, mwiko mfukoni. Wasichana saba wa safu ya nyuma walikuwa wameegemeza viti ukutani. Nikaweka kiganja.

Ukuta ukanisukuma. Kisha ukarudi. Polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mimi ninayetania hata msibani, niliweka kiganja tena bila mzaha. Nje nilishaona bomba lililopasuka na maji yaliyokula msingi, kwa hiyo kuvimba nakuelewa. Ukuta unaovimba, lakini, haurudi.

"Nje wote!"

"Mjomba, nina kipindi..."

"Nje, nimesema! Acheni mabegi!"

Wa mwisho alikuwa bado mlangoni ukuta ulipojilaza juu ya viti saba. Kishindo hatukusikia. Vumbi tu lilitufuata nje.

Mpwa wangu akawahesabu watoto, akawahesabu tena. Kisha akaketi chini kwenye majani na viatu vyake vizuri. "Niliipa kumi kwa kumi, Mjomba," akasema. "Mara tatu."

Ukuta mpya nimeujenga mwenyewe, nondo na zege, tembo aegemee akitaka. Kila Ijumaa Mwalimu huhesabu karatasi kabla ya kusoma hata moja. Zimekuwa thelathini na moja. Hata hivyo huniita niweke kiganja.

"Unasemaje, Mjomba?"

"Umenyamaza, mama. Ukuta wangu hauthubutu."

Ndipo anafungua kopo. Sijamwambia kwamba ukuta una joto, hata asubuhi ya mvua.